Mbwa Lennox na Utepe wa Fundi Cherehani

Pita katika mtaa wowote wenye nyumba za mageti humu nchini, nawe utakisoma kibao kile kile: MBWA KALI. Sisi wa Chama cha Kiswahili tumelicheka kosa hilo mpaka tumechoka. Mbwa ni kiumbe chenye uhai, kwa hiyo husemwa "mbwa mkali", na wakiwa wengi "mbwa wakali". Huyo aliyeandika "kali" amemfanya mbwa kuwa kama pombe au pilipili. Haya, hilo tuliache, maana walimu wetu wamelisema hadi sauti zikawakauka.

Jambo ninalotaka kulieleza leo ni jingine, ingawa linatokana na neno hilo hilo. Ukali ni tabia. Tunamwita mbwa mkali kwa sababu amenguruma, amemfukuza mwuza maziwa, au amemrarua mtu suruali. Sijaona hata siku moja kibao kilichoandikwa MBWA MWENYE KICHWA KIPANA. Kumbe kuna nchi ambako kichwa kipana ndicho kinachoandikwa, tena si getini bali katika sheria za nchi! Na kwa sababu ya maandishi hayo mbwa mmoja wa jamaa wa kawaida, aitwaye Lennox, alikaa kizuizini miaka miwili kisha akauawa, huku watu wa mabara kadha wakipiga kelele.

Nilikutana na kisa hiki nilipopangiwa upande wa upinzani katika mjadala wa chama chetu. Mada ilikuwa kwamba serikali ina haki ya kumwua mbwa wa mtu kabla hajauma. Wenzangu wa upande wa kuunga mkono walikuja na hoja za kuogofya kuhusu kichaa cha mbwa, na ukumbi mzima ukawa wao. Mimi nilikuja na Lennox. Dakika tano za mjadala hazikunitosha, ndiyo sababu namwomba mhariri kurasa hizi.

Lennox alikuwa wa jiji la Belfast, ambalo ni makao makuu ya Ireland ya Kaskazini. Sehemu hiyo iko chini ya ufalme mmoja na Uingereza, lakini katika mambo kama haya ina sheria zake. Wenyewe waliomfuga walisema kwamba alikuwa chotara, mchanganyiko wa labrador na bulldog wa Kimarekani. Huko ni lazima mbwa alipiwe leseni kila mwaka, na huyu alikuwa amelipiwa. Alikuwa amehasiwa, amekatiwa bima, na chini ya ngozi yake aliwekewa kile kidude kidogo cha elektroniki chenye namba, ili akipotea ajulikane ni wa nani. Kwa ufupi alikuwa na karatasi nyingi kuliko baadhi yetu tulipokuwa tukijiunga na kidato cha kwanza. Na hapakuwa na ripoti yoyote kwamba amewahi kumwuma mtu.

Mwezi wa Mei mwaka 2010, maafisa wa mbwa wa Baraza la Jiji la Belfast walifika nyumbani kwao. Hao ni watu ambao mitaani kwetu tungewaita askari wa kanju. Kwa maelezo ya jamaa hao, maafisa walitoa utepe wa kupimia, ule ule wa fundi cherehani, wakampima Lennox pua na miguu ya nyuma. Vipimo vilipopatikana, uamuzi ukawa kwamba huyu ni mbwa wa namna ya pit bull. Pit bull amepigwa marufuku. Basi, Lennox akachukuliwa siku hiyo hiyo, na hakurudi tena.

Hapo ndipo msomaji atauliza: sheria gani hiyo ya kumkamata mbwa kwa utepe? Nami naomba tuchelewe kidogo hapa, kwa kuwa ndipo penye kiini cha jambo lote. Isitoshe, kiini chenyewe ni suala la lugha, nasi ni watu wa lugha.

Mwaka 1991 nchini Uingereza palitokea mashambulizi ya mbwa ya kutisha. Katika mwezi wa Mei peke yake mtu mzima alinyofolewa pua, na mtoto wa kike wa miaka sita akajeruhiwa vibaya sana. Magazeti yakawaka moto. Picha za majeraha zikawa kila mahali, na wabunge wakapigiwa simu usiku na mchana. Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Kenneth Baker, akaenda bungeni na mswada uliopitishwa kwa haraka ya ajabu. Kabla ya mwezi wa Agosti kwisha, Sheria ya Mbwa wa Hatari ilikuwa inafanya kazi. Ireland ya Kaskazini nayo ikapata amri yake inayofanana na hiyo, mwaka huo huo wa 1991.

Sheria hiyo ilitaja mbwa wa namna nne: pit bull, Tosa wa Kijapani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Wote wanne ni mbwa ambao kwa asili walifugwa kwa kupigana ama kwa kuwinda wanyama wakubwa. Kwa Waingereza wengi, watatu wa mwisho walikuwa majina tu. Pit bull ndiye aliyekuwa mitaani, na ndiye aliyelengwa.

Sasa sikiliza vizuri. Sheria haikusema "mbwa wa mbegu ya pit bull". Ilisema "mbwa wa namna ya pit bull". Msomaji anaweza kufikiri kwamba hayo ni maneno mawili ya jambo moja. La! Mbegu ni ukoo: nani baba, nani mama, walizaliwa wapi. Namna ni sura. Ng'ombe wa gredi huwa wa gredi kwa sababu ya fahali aliyemzaa, na ukitaka hakika unaitazama karatasi ya daktari wa mifugo. Lakini kitu cha namna ya ng'ombe wa gredi ni ng'ombe yeyote mwenye mabaka na kiwele kikubwa, awe alizaliwa Naivasha au alitoka mbinguni.

Mahakama za Uingereza zenyewe ziliutatua ubishi huo mnamo mwaka 1993. Majaji walisema kwamba neno lililotumika katika sheria ni pana kuliko mbegu. Mbwa akiwa na sehemu kubwa ya sifa za umbo la pit bull, basi yumo, hata kama wazazi wake hawajulikani. Na sifa hizo zilitoka wapi? Zilitoka katika maelezo ya chama kimoja cha Wamarekani wafugaji wa mbwa hao, yaliyochapishwa katika gazeti lao la wapenda pit bull mwaka 1977. Yaani wafugaji waliandika jinsi mbwa wao mzuri anavyofaa kuonekana: upana wa kichwa, mteremko wa mgongo, urefu wa mfupa wa paja. Miaka kadha baadaye maelezo hayo ya kusifia yakageuka kuwa hati ya mashtaka.

Ndiyo maana mbwa anaweza kuzaliwa na mama labrador mpole na baba asiyejulikana, akaibuka na kichwa cha mraba na kifua kipana, na akawa mhalifu tangu siku ya kuzaliwa. Ndugu yake wa tumbo moja aliyefanana na mama anaweza kulala kwenye zulia bila wasiwasi wowote. Uchunguzi wa damu wa kutafuta ukoo hausaidii sana katika kesi hizi, kwa kuwa ukoo haukuulizwa.

Kuna jambo la pili lililonishangaza zaidi. Sisi tumefundishwa kwamba mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Katika sheria hiyo ya Uingereza ya 1991, upande wa mashtaka ukishasema mbwa ni wa namna iliyokatazwa, atahesabiwa kuwa hivyo mpaka mwenye mbwa athibitishe kwamba sivyo. Mzigo umebadilishwa bega! Mwanasheria wa kumtetea mbwa si wa bure, na wataalamu wa kupima mifupa pia wana ada zao.

Mwanzoni ilikuwa mbaya zaidi. Kwa miaka sita ya kwanza hakimu hakuwa na hiari: mbwa akionekana kuwa ni wa namna hiyo na masharti yamevunjwa, adhabu ilikuwa kifo tu. Kisa kilichowafungua watu macho kilikuwa cha mbwa jike wa London aitwaye Dempsey, pit bull halisi. Aprili 1992 alikuwa ametolewa nje, akaanza kutapika, na aliyekuwa naye akamvua kile kifungo cha mdomo ili asipaliwe. Polisi walikuwa karibu. Kosa lake ni hilo tu, kuonekana hadharani mdomo ukiwa wazi. Aliamriwa auawe, na akakaa kizuizini zaidi ya miaka mitatu kesi ikipanda na kushuka. Mwigizaji maarufu wa Ufaransa, Brigitte Bardot, alijitolea kumpa hifadhi nchini mwake. Mwishowe, Novemba 1995, aliokolewa kwa upenyo mdogo wa kisheria: mwenye mbwa hakuwa amearifiwa kuhusu kikao cha kwanza cha mahakama. Dempsey akarudi nyumbani, akaishi mpaka mwaka 2003. Wakati huo bunge lilikuwa limekwisha kuirekebisha sheria, mwaka 1997, kwamba hakimu akiridhika kuwa mbwa si hatari kwa watu anaweza kumwacha hai kwa masharti.

Nimekitaja kisa cha Dempsey kwa sababu marekebisho hayo ya 1997 hayakuigusa Ireland ya Kaskazini. Huko nafasi kama hiyo ilikuja kwa sheria mpya ya mwaka 2011. Lennox alikwisha kukamatwa mwaka mmoja kabla.

Turudi Belfast. Mwaka 2011 mahakama ya chini iliamuru Lennox auawe. Jamaa zake wakakata rufaa, ikakataliwa mwaka huo huo. Wakapanda tena. Muda wote huo mbwa alikuwa mahali ambapo hapakutangazwa, na wenyewe hawakuruhusiwa kwenda kumwona. Fikiria mtoto wa nyumba hiyo anauliza kila wiki kama mbwa wake anakula. Jibu utalitoa wapi?

Nisije nikaonekana mpiga debe, niseme upande wa baraza nao ulikuwa na hoja. Mtaalamu waliyemleta, mtu mwenye uzoefu wa mbwa wa polisi, alimchunguza Lennox akasema ni miongoni mwa mbwa wasiotabirika na wa hatari zaidi aliowahi kukutana nao. Hilo si neno la kudharau. Afisa wa baraza akimwachia mbwa aliyeelezwa hivyo, kisha mbwa huyo amrarue mtoto wa jirani, nani atamtetea afisa huyo? Wale wale wanaomwita mwuaji leo wangemwita mzembe kesho. Tena sheria iliyopitishwa mwaka 1991 haikuandikwa na Baraza la Belfast. Maafisa wake waliajiriwa kuitekeleza.

Lakini upande wa familia nao ulileta wataalamu wa tabia za mbwa, nao walikaa na Lennox na hawakuona hatari hiyo. Basi wataalamu walipingana, kama wanavyopingana madaktari. Na hapa ndipo nilipomkatiza mpinzani wangu katika mjadala, aliposema, "Si basi aliuawa kwa tabia yake, si kwa sura!" Hebu tazama mfuatano wa mambo. Ni sura iliyomtoa nyumbani. Kama pua yake ingekuwa nyembamba zaidi kidogo, hakuna ambaye angekuja kumpima tabia. Akisha kutolewa, tabia yake ilipimwa akiwa kizuizini, mbele ya watu asiowajua, bila sauti ya mtu wa kwao. Mbwa aliyefungiwa mahali pageni hubadilika. Hata mbwa wetu wa kijijini, mpole kama kondoo, ukimfunga siku tatu kwenye boma la watu utamkuta anaonyesha meno. Kipimo kilichochukuliwa katika hali hiyo kinasema kweli ya kizuizini, na kweli hiyo yaweza kuwa mbali sana na kweli ya nyumbani.

Habari zilipozidi kuenea, kelele zilikuwa si haba. Zaidi ya watu 200,000 walitia sahihi ombi la kumwokoa. Bondia Lennox Lewis, aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alimwunga mkono wajina wake wa miguu minne. Victoria Stilwell, mfundishaji wa mbwa anayejulikana sana katika televisheni, alijitolea kumtafutia Lennox makao Marekani, ambako mbwa kama yeye wanaruhusiwa katika sehemu nyingi. Hata Waziri Kiongozi wa Ireland ya Kaskazini wa wakati huo, Peter Robinson, alizungumza na Meya wa jiji na kupendekeza njia ya kumhamisha itafutwe.

Hili la kumhamisha ndilo lililowauma wengi, na mimi pia. Kama shida ni usalama wa wakazi wa Belfast, mbwa akipandishwa ndege na gharama zikalipwa na mtu mwingine, wakazi wa Belfast wamepoteza nini? Baraza lilijibu kwamba mahakama imeamuru mbwa auawe, nalo halina mamlaka ya kuipita amri ya mahakama. Kisheria huenda walikuwa sahihi. Hata hivyo walikuwa na miaka miwili ya kukaa mezani na familia ile kabla mambo hayajafika hapo. Mkaidi akikutana na mkaidi mwenzake, anayeumia ni yule asiyejua kusema.

Kisha kuna jambo ambalo watetezi wa Lennox hawapendi kulitaja. Maafisa wa baraza walitukanwa na kutishiwa kwa muda mrefu, na wengine walitishiwa kuuawa. Watu waliokaa mbali, ambao hawajawahi kuitia Belfast machoni, waliandika maneno ambayo jarida la shule haliwezi kuyachapisha. Ati wanamtetea mnyama, na huku wanamtishia karani mwenye watoto! Sijui walifikiri vitisho hivyo vingemsaidiaje mbwa. Kwa maoni yangu vilimdhuru. Baraza lililozingirwa huziba masikio, na kila barua ya staha iliyotumwa ilichanganyika na mia za matusi.

Juni 2012 Mahakama ya Rufaa ya Belfast ilitoa uamuzi wake: majaji hawakuona kosa la kisheria katika hukumu ya chini. Ilibaki njia ya kwenda Mahakama Kuu kabisa ya ufalme huo, huko London, lakini familia haikuendelea. Tarehe 11 Julai 2012 Lennox alidungwa sindano ya kufa. Alikuwa na umri wa miaka saba. Familia ililalamika kwamba haikuruhusiwa kumwaga, wala haikupewa mwili wake iuzike yenyewe. Iliambiwa itapelekewa majivu.

Baadhi ya wasomaji wataguna, "Haya ni mambo ya wazungu. Kwetu mbwa ni mbwa." Nawaelewa. Aliyelelewa akiona mbwa koko wakipigwa mawe hawezi kulia kwa ajili ya mbwa wa Belfast. Tena kwetu kuna hatari ambayo Uingereza waliifuta zamani, yaani kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka ulimwenguni, walio wengi Asia na Afrika, wakiwamo watoto wengi. Mtu akishaanza kuonyesha dalili, ni nadra mno apone. Sheria yetu inawapa wenye mamlaka uwezo wa kuwaua mbwa katika eneo lenye ugonjwa huo, na sitasimama hapa kusema kwamba mbwa mwenye kichaa aachwe arandarande.

Ila tazama tofauti. Kichaa cha mbwa hakichagui kichwa kipana. Kimempata jibwa la mlinzi na kijibwa cha bibi kizee. Dawa yake kubwa ni chanjo: wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa mahali, ugonjwa hukosa pa kupita. Kenya ilijiwekea mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa wanadamu ifikapo mwaka 2030, na msingi wa mpango huo ni sindano ya chanjo. Katika jambo hili naona sisi tumeshika njia yenye akili zaidi, maana tunaitafuta hatari pale ilipo. Hayo niliyasema pia katika mjadala, na ni hapo tu ukumbi uliponipigia makofi.

Je, kukamata mbwa kwa sura kumesaidia? Uholanzi ilikuwa na marufuku yake ya pit bull tangu mwaka 1993. Mwaka 2008 ilitangaza kuiondoa, baada ya kuonekana kwamba idadi ya watu wanaoumwa haikupungua. Si ajabu. Pit bull alipokatazwa, wale vijana waliotaka mbwa wa kutishia watu hawakununua paka. Walitafuta mbwa mwingine mkubwa ambaye jina lake halimo katika orodha, wakamfunza yale yale.

Uingereza kilitokea kitu cha namna hiyo. Akazuka mbwa mwenye misuli kama mnyanyua vyuma, aitwaye XL Bully, ambaye hakuwamo katika orodha ya 1991. Watu waliuawa, wakiwamo watoto, na mbwa wa namna hiyo wakatajwa katika vifo vingi. Septemba 2023 Waziri Mkuu Rishi Sunak alitangaza kwamba watapigwa marufuku. Yule anayesema marufuku ni upuuzi mtupu na awaeleze wazazi waliozika watoto. Mimi sina ulimi huo. Ninachosema ni kwamba sheria ya mwaka 1991 ilikuwa na miaka zaidi ya 30 ya kuwalinda watoto hao, na haikuwalinda, kwa kuwa ilikuwa inaangalia pit bull anapita huku hatari ikiingia kwa mlango mwingine.

Na XL Bully anatambuliwaje? Kwa utepe! Maelezo ya serikali yanasema dume awe na kimo cha sentimita 51 au zaidi mabegani, na jike 48, pamoja na kichwa kizito cha mraba na sifa nyingine za mwili. Hakuna mahali panapoulizwa amefanya nini.

Hata hivyo, safari hii jambo moja lilibadilika, na haki isemwe. Waliokuwa na mbwa hao huko Uingereza na Wales walipewa muda wa kuomba cheti cha kuruhusiwa mpaka mwisho wa Januari 2024, kwa ada ya pauni 92 na senti 40. Mbwa ahasiwe, awe na kile kidude chenye namba, awe na bima ya kuwalipa watu wengine akiwadhuru, na akitoka nje afungwe kamba na mdomo. Aliyeona hawezi, akampeleka mbwa wake kwa daktari auawe, aliweza kuomba fidia ya pauni 200. Ireland ya Kaskazini ilifuata kwa utaratibu kama huo: tangu tarehe 31 Desemba 2024 kumiliki XL Bully bila cheti ni kosa.

Ukiyasoma masharti ya cheti hicho utayatambua. Kuhasiwa, kidude chenye namba, bima. Lennox alikuwa navyo vyote vitatu siku maafisa walipoingia na utepe wao, na kamba na kifungo cha mdomo vinauzwa katika kila duka la wanyama mjini Belfast.